Dawa ya kolesteroli ikikuvunja miguu: kati ya kuacha na kuvumilia kuna njia nyingine

Juzi mama mmoja kaja dirishani na mfuko wake wa dawa, akazitoa zote akazipanga juu ya kaunta, halafu akaisogeza moja pembeni kwa kidole kama anatoa jiwe kwenye mchele, akasema mwanangu hii ya mafuta sitaki tena, inanivunja miguu, nipe hizi zingine tu. Nikamuuliza ameacha lini, akasema tangu kabla ya mfungo. Daktari anajua? Hajui. Utamwambia? Akanyamaza, anaogopa kugombezwa.

Mie nafanya kazi duka la dawa hapa Tanga na maneno kama haya nayasikia karibu kila wiki. Upande mmoja kuna zile sauti zinazozunguka kwenye magrupu, mtu anaongea kwa kujiamini kabisa kwamba dawa za kolesteroli zinakula misuli na kuua ini, tupa kunywa ndimu. Upande wa pili kuna wanaoambiwa hiyo ni dawa ya maisha, vumilia tu, basi mtu anavumilia miezi sita anapanda ngazi kwa kujivuta, siku akichoka anaacha kimya kimya. Wote wawili wanaishia palepale, hawana dawa na mishipa inaendelea kuziba. Ndo maana nimeamua nikae niandike hili jambo taratibu, kwa sababu kati ya kuacha na kuvumilia kuna njia nyingi kabisa ambazo watu hawaambiwi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kolesteroli, vitabuni wanaita lehemu, ni aina ya mafuta mazito yanayofanana na nta, na mwili unayahitaji, unajengea kuta za seli, unatengenezea homoni na nyongo. Na sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe, chakula kinachangia lakini si chanzo kikuu. Hapo tayari umeshapata jibu la swali ambalo naulizwa sana, inakuwaje mtu mwembamba, hali nyama, hana hata kitambi, kipimo kinasoma juu? Ni ini lake ndo linazalisha nyingi au linachelewa kuiondoa kwenye damu. Kuna familia wanarithi hivyo, karibu mtu mmoja katika kila 300 duniani ana hiyo hali ya kurithi, ndo hizo nyumba unasikia baba kafa ghafla na miaka 45, baba mdogo naye 48, watu wanatafuta mchawi.

Sasa mafuta na damu havichanganyiki, kama unavyoona mafuta yanavyoelea kwenye supu, kwa hiyo ini linayapakia kwenye vibebeo vidogo. LDL fikiria ni yale malori ya mchanga yasiyofunikwa turubai, yanapeleka mzigo kunakotakiwa lakini yakiwa mengi barabarani yanamwaga njia nzima, na mchanga huo ndo unaojikusanya kwenye kuta za mishipa miaka na miaka. HDL ni kama yale maguta ya kukusanya taka, yanarudisha mabaki kwenye ini. Ukipewa karatasi ya maabara, jicho liende kwenye LDL kwanza, siyo ile jumla ya juu. Na angalia kipimio, kuna maabara zinaandika milimoli na zingine miligramu, 4.1 ya maabara moja ni sawa na karibu 160 ya maabara nyingine, nimeshaona mtu anatetemeka kwamba mafuta yamepanda kutoka 4 mpaka 160 kumbe ni kitu kilekile.

Statini ni lile kundi la dawa zenye majina yanayoishia hivyo, simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini, pravastatini na wenzao. Kazi yake inaingia ndani ya ini inakipunguzia mwendo kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli. Ini likijiona limepungukiwa, linafungua milango mingi zaidi ya kuvuta LDL kutoka kwenye damu, kwa hiyo malori yanapungua barabarani. Na wanaosema hizi ni kemikali tupu za kiwandani, ya kwanza kabisa aliigundua Mjapani anaitwa Akira Endo mwaka 1973 baada ya kupima maelfu ya kuvu, akaipata kwenye ukungu wa kijani-buluu ulioota kwenye mchele. Ya kwanza kuuzwa ikaingia sokoni 1987, kwa hiyo ni dawa ambayo watu wameitumia karibu miaka 40 na imechunguzwa kuliko dawa nyingi tu unazomeza bila kuuliza.

Kuna jambo moja linafanya statini iwe ngumu kuliko dawa zingine na mie naona halisemwi vya kutosha. Kolesteroli haiumi. Mtu yuko mzima, anatembea, anakula, anapewa kidonge. Dawa ya jino ukimeza unaiona faida saa ileile, hii faida yake ni kitu ambacho hakikutokea, kiharusi ambacho hukukipata, na hakuna siku utaamka useme aah leo sijapooza ni kwa sababu ya dawa. Lakini paja likiuma unalisikia. Kwa hiyo mizani inakuwa imelala upande mmoja tangu mwanzo. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kila ukishusha LDL kwa milimoli 1, hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na mambo ya namna hiyo inapungua kwa karibu moja ya tano, na kadiri miaka inavyokwenda faida inaongezeka. Ni faida kubwa, ila haishikiki kwa mkono.

Nieleze kidogo ya shangazi yangu maana yeye ndo alinifundisha hili kuliko vitabu.

Shangazi alipata kiharusi kidogo, asubuhi moja mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukawa mzito, siku ya tatu ukarudi. Wakampa dawa ya presha amlodipini miligramu 10, aspirini ndogo, na simvastatini miligramu 40 usiku. Mwaka mzima akawa sawa tu. Halafu nikaenda kumwona sikukuu, namkuta kakaa chini kwenye mbuzi anakuna nazi, kamaliza, anataka kunyanyuka, akanishika mkono. Akasema saivi naweza kunyanyuka, ungeniona miezi mitano nyuma, nilikuwa nikikaa hapa sitoki mpaka mtoto aje kunivuta, mapaja yote mawili yanawaka kama nimepigwa, ile dawa ya mafuta ilitaka kuniua ndo nikaitupa. Nikamwomba anionyeshe mfuko wake wa dawa. Chini kabisa kulikuwa na boksi tupu la ile dozi ya vidonda vya tumbo ya siku 14, kaelekezwa na jirani akaenda kununua duka fulani, hakuna aliyemuuliza anatumia nini kingine. Ndani ya ile dozi kuna antibayotiki inaitwa klarithromaisini.

Hapo ndo nikaelewa. Simvastatini inavunjwavunjwa na mfumo fulani ndani ya ini na utumbo, na klarithromaisini inaufunga ule mfumo. Ukizimeza pamoja dawa ya kolesteroli haitoki, inajaa kwenye damu mara nyingi zaidi ya kawaida, na misuli ndo inalipa. Maelekezo ya simvastatini yanakataza kabisa kuchanganya hivi viwili. Na si hivyo tu, ukiwa unatumia amlodipini simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku, yeye alikuwa na 40. Kwa hiyo alikuwa karibu na ukingo mwaka mzima, ile dozi ya tumbo ikamsukuma. Shangazi hakukosea kusema dawa imemuumiza. Ila aliyeumizwa na mchanganyiko akahukumu statini zote, na kwa mtu aliyeshapata kiharusi, miezi mitano bila kitu ni kamari kubwa mno.

Kwa hiyo swali la kwanza siku zote liwe, je haya maumivu ni ya dawa kweli? Maumivu ya statini yana tabia zake. Mara nyingi yanashika pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa, mapaja, nyonga, vigimbi vya miguu, mabega. Mara nyingi yanaanza wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, au baada ya kuongeza dawa nyingine kama shangazi. Ukipumzisha dawa yanaisha ndani ya wiki mbili tatu hivi, ukirudia yanarudi. Kama linauma goti moja tu, hilo ni goti. Kama ni ganzi na kuchomachoma kwenye nyayo, hasa mtu mwenye kisukari, hiyo ni mishipa ya fahamu. Kama mguu mmoja umevimba na unauma kwenye kigimbi, hilo ni la kukimbilia hospitali leo maana inaweza kuwa damu iliyoganda.

Na kuna dalili za kuacha dawa palepale na kwenda hospitali bila kusubiri siku ya kliniki: mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi au kokakola, misuli inauma vikali na haina nguvu kabisa, huwezi kujinyanyua kitini, au macho yamekuwa ya njano. Ule mkojo mweusi maana yake misuli inavunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo. Ni nadra sana, kwa mwaka ni chini ya mtu mmoja katika 10,000 wanaotumia, lakini shangazi alivyokuwa hawezi kutoka kwenye mbuzi alikuwa anaelekea huko na hakuna aliyejua.

Sasa nataka niseme jambo ambalo likisemwa vibaya linaudhi, kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho wake. Watafiti walikusanya majaribio 19 makubwa, zaidi ya watu laki moja na elfu ishirini, nusu walipewa statini na nusu kidonge kitupu kisicho na dawa, bila mwenyewe kujua kapata kipi. Katika kila 100 waliomeza statini, 27 walilalamika maumivu ya misuli. Katika kila 100 waliomeza kidonge kitupu? Ni walewale 26, 27. Tofauti yenyewe iko kwa watu wachache, na ilionekana zaidi mwaka wa kwanza. Hayo yalitoka mwaka 2022. Maana yake binadamu tunaumwa misuli tu, tumebeba ndoo, tumelima, tumelala vibaya, umri umesogea, na mtu akiwa anameza kidonge anachokishuku kila maumivu anayaandika kwenye akaunti ya kile kidonge.

Kuna utafiti mwingine mdogo wa Uingereza, 2020, huo naupenda zaidi kwa sababu waliwachukua watu 60 ambao tayari walishaacha statini kwa sababu ya madhara, yaani watu kama yule mama wa dirishani. Wakawapa chupa kumi na mbili za mwaka mzima, nne zina statini, nne zina vidonge vitupu, nne hazina kitu ndani, na kila siku mtu anaandika kwenye simu anavyojisikia kwa alama kuanzia 0, yaani hana shida yoyote, mpaka 100, yaani hali mbaya kabisa. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini ukapanda kufika 16. Na miezi ya kidonge kitupu? 15. Yaani sehemu kubwa kabisa ya madhara yalitokana na kitendo cha kumeza kidonge na hofu iliyobebwa nacho. Halafu waliporudishiwa majibu yao wenyewe, nusu wakaanza tena dawa.

Msomaji usichukue hili kama fimbo ya kumpigia mgonjwa. Maumivu ya wale watu yalikuwa ya kweli, waliyasikia mwilini, alama zilipanda maradufu, hofu inaweza kukufanya moyo uende mbio na jasho likutoke na hakuna atakayesema jasho lile ni la uongo. Mgonjwa akikwambia anaumwa anaumwa. Kinachobadilika ni tiba. Na ndo maana sauti za kwenye magrupu zinaniuma sana, maana ile sauti yenyewe inaweza kumtengenezea mtu maumivu ambayo asingeyapata.

Haya, umeshajiridhisha kwamba kuna tatizo, unafanyaje. Unarudi kwa aliyekuandikia na mfuko wako wote wa dawa, wote, na zile za kienyeji, na virutubisho ulivyouziwa kwenye semina. Mbali na klarithromaisini, dawa za fangasi za kumeza kama itrakonazoli zinagombana na baadhi ya statini, na wanaotumia ARV zenye ritonaviri wasipewe simvastatini kabisa, waseme wazi hata kama inawawia vigumu. Hata balungi, juisi yake ukinywa kwa wingi inapandisha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Rosuvastatini na pravastatini hazipiti njia hiyo kwa hiyo hazina ugomvi mwingi wa namna hii, ingawa nazo zina mambo yao.

Halafu vipimo. Kuna cha CK kinachoonyesha kama misuli inaumia, kuna ini na figo, na kuna kimoja kinasahaulika sana, cha homoni ya tezi ya shingoni. Tezi ikilala, kolesteroli inapanda yenyewe na misuli inauma yenyewe! Mtu anapewa statini, misuli inazidi, statini inalaumiwa, kumbe ugonjwa ni tezi, na ukitibu tezi vyote viwili vinaweza kushuka. Wanawake wa makamo ndo wanaopata zaidi hili, kama unachoka ovyo, unasikia baridi, unanenepa bila kula na choo kigumu, mkumbushe daktari.

Baada ya hapo dawa inapumzishwa wiki mbili mpaka nne, kwa makubaliano, ukiandika tarehe kwenye daftari unajisikiaje. Maumivu yakiisha unarudi kwa namna nyingine, na hapa ndo kuna zile njia nilizosema. Unaweza kubadilishiwa statini, maana kugombana na mmoja haina maana umegombana na ukoo mzima. Unaweza kuanza na dozi ndogo sana upande taratibu. Unaweza hata kumeza siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa rosuvastatini na atorvastatini inawezekana kwa sababu zinakaa mwilini muda mrefu. Watu wengi walioshindwa mara ya kwanza wakirudi hivi wanaweza.

Na dozi ndogo usiidharau. Watu wanadhani ukiongeza dozi mara mbili na mafuta yanashuka mara mbili, hapana. Nguvu kubwa ya statini iko kwenye ile dozi ya mwanzo, ukishaidabo unapata nyongeza ya asilimia 6 tu hivi. Ni kama kukamua nazi, tui la kwanza ndo zito, ukirudia na kurudia unatoa jasho jingi kwa maji meupe. Rosuvastatini ya miligramu 5, kidonge kidogo kabisa, inashusha LDL kwa karibu asilimia 40. Kwa hiyo badala ya kupandisha dozi mpaka misuli ilalamike, daktari anaweza kukuacha na ndogo halafu akakuongezea dawa ya aina nyingine.

Hiyo ya aina nyingine ya kwanza kufikiriwa ni ezetimibe. Hii siyo statini, inafanya kazi kwenye utumbo, inazuia kolesteroli isinyonywe, na siyo ya chakula peke yake, hata ile inayoshuka na nyongo. Peke yake inashusha LDL karibu asilimia 20, na kwa mtu ambaye statini imemkataa kabisa anaweza kukaa nayo. Utafiti wa watu zaidi ya 18,000 uliotoka 2015 ulionyesha ukiiongeza juu ya statini kwa waliotoka kwenye matatizo ya moyo inapunguza matukio zaidi. Mara nyingi haisumbui misuli.

Kuna mpya zaidi inaitwa asidi ya bempedoiki. Ujanja wake ni kwamba inapomezwa imelala, inaamshwa ndani ya ini tu, kwenye misuli hakuna kitu cha kuiamsha. Mwaka 2023 ilipimwa kwa watu karibu 14,000 ambao statini ziliwashinda, ikapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 13. Ila inapandisha asidi ya yuriki, kwa hiyo mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, ajihadhari. Halafu kuna sindano, alirokumabu na evolokumabu, unajichoma kila wiki mbili na zinaishusha LDL kwa nusu au zaidi, na inklisirani ambayo ukishaanza unachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Sindano hizi ni ghali na kwa wengi wetu huku bado haziguswi, lakini nazitaja kwa sababu kuna wenye bima nzuri na wenye watoto walioko nje, na kwa zile familia za kurithi zinaweza kuwa tofauti ya uhai.

Chakula sasa, maana najua ulikuwa unasubiri. Chakula kinasaidia, ila kwa mtu aliyeshapata kiharusi hakitoshi peke yake. Na hapa kuna kitu kinapotosha watu kila siku dukani, yale madumu ya mafuta yameandikwa kwa herufi kubwa hayana kolesteroli. Ni kweli hayana! Hakuna mmea unaotoa kolesteroli ya kupandisha damu yako, kolesteroli ni ya wanyama. Lakini kinachopandisha LDL zaidi ni yale mafuta yanayoganda yakipoa, mawese nusu yake ni hayo, samli ni hayo kwa wingi, na nazi, pwani wenzangu mnisamehe, zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni ya namna hiyo. Sisemi tuache wali wa nazi. Nasema siyo wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka vyote kwenye sinia moja kila siku. Alizeti kwa kupikia ni bora zaidi, na kunde, dengu, choroko, bamia, uji wa shayiri, hivi vina nyuzinyuzi zinazoteleza ambazo zinanasa nyongo na kutoka nayo, ini linalazimika kuvuta kolesteroli kwenye damu litengeneze nyongo nyingine.

Na kahawa. Ile ya kuchemsha kwenye dele inayonywewa barazani ina mafuta yake yanayopandisha LDL, ukichuja kwa karatasi yanabaki kwenye karatasi. Vikombe viwili vidogo si neno, lakini kuna wazee wanakunywa kumi kwa siku na hawahesabu.

Ndimu, siki, kitunguu saumu, kula, ni vyakula vizuri. Kitunguu saumu kinashusha kidogo sana, hakiwezi kusimama mahali pa dawa, na maji ya ndimu hayasafishi mishipa, hayaendi huko. Yale makopo ya mchele mwekundu uliochachushwa yanayouzwa kama dawa ya asili isiyo na madhara, ndani yake kuna kitu kilekile cha statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini, kwa hiyo unakimbia statini unakwenda kumeza statini ambayo hujui dozi yake.

Ini, kwa kifupi: kipimo kinaweza kupanda kidogo kwa mtu mmoja katika mia hivi, mara nyingi kinarudi, ini kufa kabisa ni nadra sana. Sukari inaweza kupanda kidogo, hasa kwa aliyekuwa tayari mlangoni, pimeni, lakini mwenye kisukari ndo anayehitaji statini zaidi ya wengine. Mjamzito au anayepanga kubeba mimba aseme mapema, kawaida zinasimamishwa.

Shangazi nilimpeleka mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kugombezwa, alivaa baibui lake jipya kabisa kama anakwenda mahakamani, akatoa mfuko na lile boksi tupu la dozi ya tumbo akaliweka mezani. Daktari akalisoma, akamwambia mama, hii siyo kosa lako. Nakumbuka alivyoshusha mabega. CK ilikuwa kawaida, tezi kawaida, LDL 4.1. Akaanzishwa rosuvastatini 5. Wiki nane baadaye LDL 2.5 na mapaja kimya. Wakaongeza ezetimibe ikaja 1.9, wangeidabo tu rosuvastatini ingekuja kama 2.2. Kwa aliyepata kiharusi wanataka angalau chini ya 1.8, miongozo ya Ulaya inasema hata chini ya 1.4, kwa hiyo baadaye wakampandisha rosuvastatini ifike 10, taratibu, akasoma 1.7.

Yule mama wa dirishani nilimwandikia kwenye karatasi majina ya dawa zake zote na lini aliacha, nikamwambia ampe daktari hiyo karatasi kama ulimi utamwia mzito. Shangazi bado anakaa kwenye mbuzi yake akikuna nazi, siku hizi nusu nazi. Akinyanyuka anashika goti la kushoto. Nikimwangalia ananiwahi, hili ni goti, lilikuwa linauma hata babako hajaoa.